Naomba ushauri: filamu ya kutazama na mama mkwe

Wakuu, kwema? Mama mkwe yupo kwangu tangu wiki iliyopita, amekuja kumwona mjukuu. Jioni anapenda tukae sebuleni tutazame filamu, na hapo ndipo ninapoumbuka.

Jumatano niliweka Nairobi Half Life, ya mwaka 2012. Mimi naipenda sana: Mwas anatoka kijijini akitafuta uigizaji, anafika Nairobi, anaporwa, kisha anajikuta mahabusu. Nilikuwa nimesahau kabisa kile choo anacholazimishwa kusafisha. Mama aliinuka kimya kimya akaenda kuangalia maharage jikoni. Maharage yalikuwa yameshaiva tangu saa kumi! Na yale matusi ya Sheng, nilibaki napapasa rimoti chini ya kochi kama mwizi.

Vuta N'kuvute ya Amil Shivji ilinipa ahueni. Inakwenda taratibu, mimi nilisinzia, ila Zanzibar ile ya miaka ya 1950 imepigwa picha vizuri mno. Tatizo ni kwamba mama ni mwalimu mstaafu, na riwaya ya Adam Shafi iliyozaa filamu hiyo aliwahi kuifundisha. Kila dakika tano: "Kitabuni siyo hivi."

Anaondoka Jumatatu. Nitajieni filamu ya Kiswahili isiyo na vitanda wala matusi, isiyozidi saa mbili. Za waganga na wachawi ameshazikataa. Ajibu aliyeitazama mwenyewe mpaka mwisho, tafadhali, maana "nasikia ni nzuri" ndiyo iliyoniponza.