Macbeth aliangushwa na tamaa au dhamiri?

Binti wa Mikindani: Shikamooni. Wanafunzi wangu hapa Mtwara wanashikilia kwamba tamaa ya ufalme ndiyo iliyommaliza Macbeth, yule wa tamthilia ya Shakespeare. Mimi naona ni dhamiri. Nyie je?

Mwalimu Mstaafu, Newala: Marahaba mwanangu. Tamaa ilimfanya amuue Duncan, mfalme aliyelala kwake kama mgeni. Mgeni jamani! Baada ya hapo usingizi ukamkimbia, na hofu ikamtuma kumuua rafiki yake Banquo, kisha mke na watoto wa Macduff, mkuu mmoja wa Uskoti. Huyo Macduff ndiye aliyekuja kumkata kichwa.

Msomaji wa Lindi: Mzee, umemsahau mkewe. Alimsukuma mumewe, akasema maji kidogo yangeondoa damu ile. Baadaye anatembea usingizini akisugua mikono. Mimi hapo huniuma kuliko kifo cha Macbeth mwenyewe.