Skripti ya bash au Python kwa kazi za kila usiku?

Wakuu, niko Mwanga, Kigoma, natunza kompyuta ya duka la dagaa. Kila usiku nanakili mafaili ya mauzo kwenda diski ya nje kwa skripti ya bash (faili la amri ambazo kompyuta inazifuata moja moja), mistari 9 tu. Juzi kijana wa kaunta kaipa faili jina "dagaa Kibirizi.csv". Kwa ile nafasi katikati ya jina, skripti ikaona mafaili mawili, ikagoma. Sasa bosi anataka na jumla ya kila mteja. Nihamie Python, ile lugha ya programu?

Jibu la 1: Mkuu, hapo bash haina kosa. Pale skripti inapotaja jina la faili, andika "$f" ndani ya nukuu, siyo $f tupu. Kunakili tu? Baki hapohapo, cron (kipanga ratiba cha kompyuta) iiamshe saa 5 usiku.

Jibu la 2: Ila hizo jumla usizifanyie bash, utalia. Desimali yenyewe haijui: mpe 2.5 + 1 uone. Python inakuja na moduli ya csv, ya kusoma mafaili yanayotenganisha data kwa koma, husakinishi kitu. Mimi nilikomaa na awk, zana ya kuchambua maandishi, wiki nzima. Koma moja ndani ya jina la mteja ikanivurugia hesabu zote.

Muuliza: Nukuu zimekubali! Kunakili naacha bash, jumla naanza na Python leo, umeme ukiruhusu.