Kapaka kadogo kanaharisha na kana viroboto kibao, naombeni msaada

Binti_Tabata
Habarini wapendwa, naombeni msaada wa haraka. Juzi baada ya ile mvua watoto wameleta kapaka wamekakuta kwenye mtaro nyuma ya fremu za maduka, mama yake tumemtafuta mpaka giza likaingia hatukumuona, basi tukakalaza ndani. Ni kadogo kweli, macho yameshafunguka, vimeno vya mbele vinaonekana, kanatembea ila miguu bado inayumba. Tunakapa maziwa ya ng'ombe ya pakti, tunachemsha kwanza, na kanakunywa vizuri tu, ila usiku kameanza kuharisha maji ya njano na leo asubuhi kamelala tu, kucheza hakuna. Halafu viroboto, ukipekua manyoya ya shingoni unawaona wanakimbia. Duka la dawa za mifugo hapa jirani wameniambia wana dawa ya viroboto vya mbwa eti nikapake kidogo, na jirani kasema nikasagie robo ya Panadol maana kana joto. Sijakapa chochote, nasubiri nisikie kwenu kwanza. Mdogo wangu wa mwisho analia hataki hata kwenda shule, sitaki kafe jamani.

Bwana_Mifugo
Dada Panadol USIMPE, hata robo hata kuramba. Ini la paka haliwezi kuivunja paracetamol kama letu, damu yake inashindwa kubeba hewa, ufizi unakuwa wa kahawia, uso unavimba, anakufa. Wanaletwa sana kazini wakiwa tayari wamechelewa na inaniuma kila mara kwa sababu mwenye paka alikuwa anataka kusaidia. Na hiyo dawa ya mbwa soma lebo yake, ukiona imeandikwa permethrin iache hapohapo dukani, mbwa anaivumilia ila paka anatetemeka mwili mzima mpaka degedege.

Maziwa ya ng'ombe simamisha leo. Ile sukari ya kwenye maziwa tumbo lake linashindwa kuimeng'enya, inabaki inavuta maji utumbo mzima ndo unaona anaharisha hivyo, na ya mbuzi ni yaleyale usihangaike nayo. Kuna maziwa ya unga maalum ya vitoto vya paka, ulizia kwa daktari wa mifugo. Kwa meno uliyoyasema ana kama wiki 4 au 5 hivi, kwa hiyo vitu laini anaweza, chemsha kidari cha kuku bila chumvi na bila kitunguu (kitunguu na kitunguu saumu ni sumu kwake), kisage kilainike kabisa na supu yake, umpe kidogokidogo mara nyingi.

Sasa fanya hivi hapo ulipo. Vuta ngozi ya katikati ya mabega taratibu halafu achia, ikirudi haraka afadhali, ikibaki imesimama kama hema basi maji yameisha mwilini. Mfungue mdomo uangalie ufizi, unatakiwa uwe wa pinki na uwe na unyevu, ukiwa mweupe au unanata usisubiri kesho, mpeleke leo leo. Mnyama wa nusu kilo akiharisha usiku kucha hana akiba yoyote. Na shika masikio na nyayo, kama ni za baridi mpashe joto kwanza kabla ya kumlisha, chupa ya maji ya moto iviringishe kitaulo umuwekee pembeni, sio chini yake, ili akizidiwa na joto aweze kusogea. Mtoto aliyepoa ukimlisha chakula hakisagiki. Na ukimnywesha kwa bomba la sindano asilale chali kama mtoto mchanga, aegemee tumbo, la sivyo maji yanaingia mapafuni.

MamaPaka_Tanga
Nyongeza kuhusu viroboto maana hao nao wanaua, wananyonya damu mpaka kitoto kinaishiwa. Chukua tishu nyeupe iloweshe, mchane juu yake, zile punje nyeusi kama pilipili manga zikidondoka zikaacha rangi nyekundu basi ni damu yake mwenyewe hiyo imetoka kwenye kinyesi cha viroboto. Akiwa amelegea hivi USIMUOGESHE, atapoa afe. Tumia chanuo la meno ya karibukaribu lile la chawa, bakuli la maji yenye sabuni pembeni, unachana unazamisha chanuo, kiroboto akiguswa na hayo maji anazama haruki tena. Anza shingoni na nyuma ya masikio ndo makao yao. Akipata nguvu sasa ndo umuogeshe maji ya uvuguvugu haraka haraka, povu lianzie shingoni kuizunguka yote ili viroboto wasikimbilie usoni, umkaushe mpaka manyoya ya ndani kabisa. Na matandiko yake fua kwa maji ya moto, mikeka na makochi toa juani, mayai ya viroboto hayakai kwenye paka yanadondoka ndani kwenu, usipofagia vizuri wanarudi wote.

Choo tafuta beseni fupi weka mchanga, kila akimaliza kula mpeleke akakwangue, atajifunza mwenyewe.

Mvuvi_Likoni
Salaam. Sisi huku pwani paka ni wa nyumbani kabisa, hata dini inatuambia si najisi, na wanakula vichwa vya samaki na ugali na wako sawa. Lakini mie nina swali jingine, mke wangu ana mimba ya miezi mitatu na mamangu asema paka atolewe nyumbani mtoto asidhurike, ni kweli dokta?

Bwana_Mifugo
Kaka hao wa pwani wanajiongezea panya na mijusi huko nje, huyu wa ndani akila ugali tupu atadhoofika. Paka ni mla nyama, kuna kitu kinaitwa taurini anakipata kwenye nyama na samaki, akikikosa muda mrefu moyo na macho vinaharibika. Dagaa wachache sawa, wasiwe na chumvi.

Shemeji hahitaji kumtoa paka. Ugonjwa anaouogopa mama ni toksoplasma, upo kweli na mimba unaweza kuiharibu, ila kinyesi cha paka kinahitaji siku 1 hadi 5 ndo vijidudu viweze kuambukiza, kwa hiyo wewe mume ndo uwe unasafisha kile choo kila siku, yeye asikiguse. Na watu wengi wanaupatia kwenye nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa, hapo pia muwe makini, na kliniki amwambie nesi kwamba wana paka.

Binti_Tabata
Nimerudi wapendwa. Ngozi ilibaki juu kama ulivyosema nikachukua bodaboda palepale mpaka kwa daktari. Kamechomwa maji chini ya ngozi na kamepewa dawa ya minyoo kwa kupimiwa uzito, kameambiwa karudi baada ya wiki mbili kapewe tena. Sasa hivi kamekula kuku vijiko viwili kamelala kwenye kitaulo chake. Ni kajike. Chanjo ni lini maana sikuuliza nilikuwa nimechanganyikiwa?

Bwana_Mifugo
Safi sana dada. Chanjo ya kwanza akifika wiki 8 akiwa mzima, anarudia kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afike wiki 16, ya kichaa cha mbwa akiwa na miezi 3, hiyo usiikose kwa sababu mna watoto. Na kwa kuwa ni jike, kuanzia umri wa miezi 4 anaweza kushika mimba na mimba ya paka ni kama miezi miwili tu, kwa hiyo ukimpeleka chanjo ya mwisho ongea kabisa na daktari tarehe ya kumfunga kizazi, na kabla ya hapo asitoke nje. Kesho asubuhi akiharisha tena chukua kinyesi kidogo kwenye mfuko wa nailoni uende nacho, wakiangalie kwenye hadubini.