Naomba ushauri: TV ya HD ya mwanzoni, haina HDMI

Wakuu, habari zenu. Nilinunua televisheni ya HD mapema sana, kabla HDMI (waya mmoja wa kidijitali unaobeba picha na sauti) haijazoeleka. Bado naipenda mno. Picha yake ya 1080i (aina mojawapo ya HD) kupitia zile nyaya tatu za kijani, buluu na nyekundu inang'aa hadi leo. Shida ni king'amuzi kipya: kina HDMI na waya wa njano tu, na kwa huo wa njano picha ina ukungu, maandishi madogo hayasomeki kabisa.

Nasikia kuna kifaa cha kugeuza HDMI kwenda nyaya hizo tatu, ila HDCP, yaani ulinzi wa kuzuia kunakili picha zinazopita kwenye HDMI, unaweza kuzuia picha. Aliyewahi kukitumia, kilikubali? Roho inaniuma kuitupa TV ikiwa nzima.