Dada ana uvimbe kifuani: achomwe sindano au wautoe mzima?

MjukuuWaBibi: Wakuu, naombeni ushauri, usingizi sipati. Dada yangu ana miaka 41, kikohozi hakiishi. Walihisi TB, makohozi hayakuonyesha kitu. Picha ya CT imeonyesha uvimbe wa sentimita 6 nyuma ya mfupa wa kifua, wanahisi ni tezi ya thaimasi. Daktari mmoja anataka sindano ya kuchukua kinyama, mwingine anataka autoe mzima. Tumsikilize nani?

MzeeWaTanga: Pole mwanangu. Marehemu shemeji yangu alimezeshwa dawa za TB miezi sita, kumbe limfoma, saratani ya tezi za limfu. Mpelekeni Muhimbili.

MamaNeema: Maombi kwanza. Halafu aache sukari.

Sista_Wodini: Sukari haihusiki, mama. Thaimoma, yaani uvimbe wa hiyo tezi ya thaimasi, ikiwa na mipaka mizuri kwa kawaida hutolewa nzima bila kutobolewa, ganda lisije likapasuka chembe zikamwagikia utando wa pafu. Sindano ni pale wanapohisi limfoma, maana hiyo hutibiwa kwa dawa, au uvimbe ukiwa umeshashika mishipa mikubwa. Kope zake jioni zikoje?

MjukuuWaBibi: Kope na kifua wapi na wapi?

Sista_Wodini: Nijibu kwanza, kaka.

MjukuuWaBibi: La kushoto hushuka jioni. Akila usiku hufika katikati akashikilia taya kwa mkono. Lakini anasimama dukani kutwa, ule ni uchovu tu. Upasuaji ni Alhamisi, tumeuza shamba, nusu tumeshalipa. Sitaki kuwapa sababu ya kuahirisha.

Kamanda_Z: Chai hii. Unauliza umsikilize nani, kumbe umeshalipa? Kesho utabandika namba ya michango.

MjukuuWaBibi: Sijaomba shilingi ya mtu hapa!

MamaNeema: Yule wa figo naye alianza hivi hivi.

Sista_Wodini: Mwacheni. Wengi jicho hulipeleka kwa daktari wa macho, kifua kwa mwingine, hakuna anayeviunganisha. Hiyo inafanana na miasthenia gravisi, ugonjwa wa misuli kulegea inapotumika, huwapata theluthi hivi au zaidi ya wenye thaimoma. Akipigwa nusu kaputi bila kuandaliwa, anaweza kushindwa kupumua akitolewa kwenye mashine. Mpigie daktari wa usingizi leo hii.

MjukuuWaBibi: Nimempigia. Kauliza anameza dawa gani, nikamsomea boksi: siprofloksasini, tulinunua wenyewe duka la dawa kwa ajili ya kikohozi. Kasema dawa hiyo huzidisha ulegevu wa misuli, ya usiku asimeze, nimpeleke kesho saa moja asubuhi. Alhamisi imefutwa.