Farasi anagoma kwenda mbele akishapandwa, naombeni ushauri kabla hajauzwa

Saisi_UsaRiver

Wakuu habari za jioni, uzi utakuwa mrefu kidogo ila naomba mnisome mpaka mwisho maana nimekwama. Mimi ni saisi (mtunza farasi) kwenye shamba moja huku Usa River, Arusha, tuna farasi wa kutembeza wageni. Kuna mmoja dume aliyehasiwa, thorobredi (aina ya farasi wa mbio), alikuwa wa mbio kule Ngong Nairobi akastaafishwa, bosi akamnunua. Akiwa chini huyu farasi hana neno kabisa, unamwongoza kwa kamba anakufuata popote hata kwenye daraja la mbao, kwato anakunyanyulia mwenyewe kabla hujaomba. Ila ukishamfunga tandiko na mtu akapanda, anaenda mpaka karibu na geti, na siku nyingine hata uwanjani hatoki, anasimama, anakaza shingo, masikio nyuma, mkia anapiga piga. Ukimgusa na visigino anarudi nyuma. Ukimgusa tena anageuka kurudi bandani. Juzi alinyanyua miguu ya mbele mgeni akiwa juu, sio sana ila tulimshusha mgeni haraka.

Zamani hakuwa hivi jamani. Mwaka jana alikuwa anabeba watu vizuri tu. Imeanza baada ya masika, kwanza akawa mzito kutoka, ukimwambia twende anafikiria, baadae ndio akaanza kusimama kabisa. Meneja anasema ni uvivu achapwe, bosi anasema hali ikiwa hivi anauzwa, na farasi akishapewa jina la mgomvi huku anapita mkono hadi mkono, kila anayemchukua anachapa zaidi ya yule wa kwanza. Mimi siamini ni uvivu maana malishoni yeye ndiye anayeanzisha mbio wenzake wanafuata. Majani anakula vizuri ila pumba siku hizi anaacha nusu. Mwenye uzoefu anisaidie, nampenda sana huyu mnyama.

Kamanda_Porini

Mkuu pole, ila nikwambie ukweli, farasi akigoma mara moja ukamshusha mtu, ameshajifunza kwamba akigoma kazi inaisha. Hapo mlipomshusha mgeni mlimpa zawadi. Mpande wewe mwenyewe, shika fimbo, akisimama mpe mbili za nyuma ya mguu wako na usishuke mpaka avuke geti hata ikichukua saa nzima. Hata punda ni hivyo hivyo. Bosi yuko sahihi, farasi hafugwi kwa huruma.

Mama_wa_Nanyuki

Kaka saisi pole sana, na asante kwa kuuliza kwanza. Hapo kwa kuchapa mimi nakataa. Farasi aliyekuwa anabeba watu vizuri mwaka mzima halafu akabadilika polepole, huyo kuna kitu kinamuuma mpaka ithibitike vinginevyo. Na akishaanza kunyanyua miguu ya mbele ujue ameshajaribu njia zote ndogo za kusema na hakuna aliyemsikiliza, masikio alisema, mkia ukasema, kurudi nyuma akasema, kilichobaki ni kupanda juu, na farasi wa kilo 450 akipinduka na mtu nyuma hakuna mjadala tena.

Nina swali moja, je alinenepa baada ya masika? Maana majani yakiota vizuri farasi wanajaa, hasa hawa thorobredi wanaokuja wamekonda kutoka kwenye mbio, na tandiko lililomkaa sawa akiwa mwembamba sasa linambana nyuma ya mabega. Fremu ya ndani ya tandiko haipanuki. Kila akinyoosha bega kwenda mbele anagonga ile fremu, sasa kwa nini aende mbele?

Fanya hivi, wala haihitaji pesa. Siku ya kwanza mzungushe kwa kamba ndefu bila tandiko, tazama anavyotembea na troti (mwendo wa kukimbia polepole) pande zote mbili. Ukimaliza mfunge tandiko mkanda wa tumbo ukiwa legelege umzungushe tena, halafu kaza mkanda kama wa kupandia, zungusha tena. Mwisho ndio mtu. Pale atakapobadilika ndipo pa kuchimba. Na baada ya kazi ukivua tandiko usikimbilie kumwagia maji, angalia jasho kwanza. Mgongo wote unatakiwa ulowe sawasawa (ule mfereji wa katikati hauhesabiwi), ukiona sehemu kavu katikati ya jasho nyuma ya bega, hapo tandiko limebana mpaka ngozi imeshindwa kutoa jasho. Nywele nyeupe zikishaota hapo ndio uharibifu wa siku nyingi.

Bint_Batina

Assalaam aleikum. Mimi niko Oman, nyumbani kwetu tunafuga Waarabu (farasi namaanisha), naomba niongezee kwenye hilo la kuacha pumba. Farasi anayekula majani akaacha nafaka, na akakasirika mkanda wa tumbo ukifungwa, mtazameni vidonda vya tumbo. Farasi wa mbio ndio hasa wenye tatizo hili, maana kule wanapewa nafaka nyingi majani machache na wanakaa bandani siku nzima. Tumbo la farasi linatoa asidi muda wote, ale asile, na ile sehemu ya juu ya tumbo haina utando wa kujikinga, sasa ukimpanda akiwa hana kitu tumboni ile asidi inarushwa juu kila akikanyaga na mkanda unazidi kuisukuma.

Msimwache bila majani kwa zaidi ya masaa manne au matano hivi mchana. Na kabla ya kumpanda mpeni nusu saa ale majani makavu, ukipata lusini (majani ya malisho jamii ya kunde) ndio bora zaidi kwa sababu ina kalsiamu nyingi inapunguza ukali wa asidi. Hayo majani yanakaa juu ya asidi yanaizuia isiruke. Dawa ni omeprazole ya farasi na mara nyingi huendelea mwezi mzima, ila hiyo mwachieni daktari apange dozi.

Dr_Mifugo_Moshi

Dada zangu wawili hapo juu wamesema vizuri. Mimi ni daktari wa mifugo, farasi sio kazi yangu ya kila siku ila nimewatibu. Saisi, kabla ya yote pima joto, liwe kati ya 37.5 na 38.5, na fungua mdomo uangalie fizi. Zikiwa nyeupe sana au za njano hiyo inaweza kuwa shida ya damu, pengine ugonjwa wa kupe, na farasi mwenye upungufu wa damu atasimama tu hana nguvu, hapo tandiko halihusiki. Angalia kupe ndani ya masikio na pale mkanda unapopita, kapteni wa matatizo mengi ni kupe. Kwato nazo zibane uone, uguse kama kuna moja ina joto kuliko nyingine.

Halafu meno. Meno ya farasi hayaachi kuota, yale magego ya juu yanachongoka upande wa shavu na ya chini upande wa ulimi, lijamu (kile chuma cha mdomoni) ikivutwa shavu linakatwa. Farasi wa namna hiyo ukimpiga miguu aende huku hatamu imekaza anakwama katikati, mbele kuna maumivu ya mdomo nyuma kuna visigino.

Kuna daktari wa farasi wa Uingereza anaitwa Sue Dyson, yeye na wenzake 2018 walichapisha orodha ya tabia 24 za farasi akiwa amepandwa, masikio kulala nyuma kwa sekunde kadhaa mfululizo, kupiga mkia, kufungua mdomo, ulimi kutoka, kujikwaa, kukataa kwenda mbele, kunyanyuka na kadhalika. Farasi akionyesha 8 au zaidi uwezekano ni mkubwa kwamba ana maumivu ya misuli au mifupa. Mchukue vidio akipandwa halafu uhesabu taratibu, kwenye maelezo yako tu mimi nimeshahesabu tano. Na hawa thorobredi wengine pingili za uti wa mgongo chini ya tandiko zinakaribiana mpaka zinagusana, hiyo bila eksirei huijui.

Naomba sana usimpe dawa ya maumivu ya kubahatisha ukajaribu kama atatembea. Tunafanya hivyo kitaalamu wakati mwingine, ila kama ana vidonda vya tumbo dawa hizo zinavizidisha.

Kamanda_Porini

Daktari heshima yako, lakini tukienda hivyo kila farasi atakuwa mgonjwa. Mbona malishoni anakimbia? Mwenye maumivu hakimbii.

Dr_Mifugo_Moshi

Malishoni hana tandiko mkuu, wala mkanda, wala lijamu, wala kilo 90 mgongoni. Hicho ndicho kinachonifanya niwaze tandiko.

Jokii_Mstaafu

Nimepanda mbio Nairobi miaka ya nyuma, sasa niko nyumbani nalima. Mambo mawili.

Farasi wa mbio hafundishwi miguu kama nyinyi mnavyomtumia. Jokii amekaa juu, vikuku (vya kukanyagia miguu) vifupi, miguu haimbani tumbo, tandiko lenyewe halifiki hata kilo moja. Ukivuta hatamu yeye anaelewa egemea ongeza mwendo. Na asubuhi kwenye mazoezi wanatoka wamefuatana kundi zima, hajawahi kwenda peke yake popote. Leo unampa tandiko zito, mgeni wa kilo 90 anayening'inia kwenye hatamu kwa uoga huku anampiga visigino tumboni, halafu atoke getini peke yake. Kwake yeye hizo amri zinapingana. Uzito wa mtu na tandiko kwa pamoja wengi tunashika usizidi asilimia 20 ya farasi, kwa hiyo wa kilo 450 mwisho ni kilo 90 yote kwa yote, na huyo wenu akiwa na mgongo mbovu nusu ya hapo ni nyingi.

La pili ni usalama. Akianza kunyanyuka, egemea mbele, legeza hatamu, ikibidi shika shingo. Usivute. Farasi wengi wanaopinduka wamevutwa na mtu aliyekuwa anaogopa kuanguka. Akishatua mgeuze kwa hatamu moja duara dogo ili miguu ya nyuma ihame, akihama hawezi kunyanyuka tena. Na helmeti, hata kama ni wewe saisi na hujawahi kuvaa.

Kamanda, mimi fimbo nimeishika miaka mingi, naijua. Inamfanya aende siku ile. Kesho anakungoja.

Saisi_UsaRiver

Wakuu nimerudi, asanteni mno. Joto sawa, fizi zina rangi nzuri, kwato hazina joto, kupe niliwatoa wachache kwenye sikio. Sasa sikilizeni. Kwa kamba bila tandiko anatroti vizuri kichwa chini amelegea. Na tandiko mkanda legelege, vizuri kidogo. Nilipokaza mkanda akageuza kichwa kutaka kuning'ata, nikimwambia twende hatua zikawa fupi fupi za mbele, bega haliendi. Baadae nikapiga moyo konde, nikachukua kijana mwenzangu mwepesi, helmeti kichwani, nikashika kamba mwenyewe, akampanda bila tandiko. ALITEMBEA. Akazunguka uwanja wote akaenda mpaka geti akasimama pale akawa anaangalia barabara, nikampigia mdomo akatoka nje. Nilitaka kulia.

Jasho pia nimeangalia siku aliyofanya kazi, kuna sehemu mbili kavu nyuma ya mabega, ya kushoto kama kiganja changu, ya kulia ndogo. Nikipitisha vidole hapo kwa kubonyeza mgongo unashuka chini na ngozi inatetemeka. Na ndio Mama wa Nanyuki, amenenepa, picha za mwaka jana mbavu zinaonekana sasa hazionekani.

Bosi nimemwonyesha, amekubali daktari aje aangalie mgongo na meno. Ila anauliza tukibadilisha tandiko wiki ijayo abebe wageni?

Mama_wa_Nanyuki

Umefanya kazi nzuri kaka, hapo ulipomtoa nje bila fimbo umemjibu meneja. Kuhusu wiki ijayo, hapana. Mgongo uliobanwa toka masika haupoi kwa kuvua tandiko, na hata ukipoa yeye bado anakumbuka kwamba mtu juu ni maumivu. Kwanza apumzike mpaka ukibonyeza hapo asishuke mgongo, daktari ndiye akwambie. Halafu mwendeshe ukiwa chini, hatamu ndefu mbili umefuata nyuma yake kwa upande, mpite geti, mpite barabara, ajifunze kwenda mbele peke yake hana mtu mgongoni. Ukija kumpanda anza na mwenzake mtulivu akitangulia, tembea kidogo, rudi kabla hajachoka. Akipiga hata hatua moja uliyoomba, toa mguu papo hapo, hiyo ndio asante yake. Wageni baadae sana, na wepesi.

Na usiongeze blanketi nene chini ya tandiko linalobana, watu wanafanya hivyo wakidhani wanasaidia, linazidi kubana.

Bint_Batina

Lusini usisahau, hata kama tandiko ndio chanzo, maumivu ya muda mrefu na stresi vinaleta vidonda pia. Akirudi kumaliza pumba yake tuambie inshallah.

Kamanda_Porini

Haya saisi, hilo la kutembea bila tandiko limenifunga mdomo, kwa huyu nakubali. Ila swali, hilo tandiko linatumika kwa huyo peke yake?

Saisi_UsaRiver

Hapana mkuu, kuna jike mmoja mweusi naye tunamfunga hilo hilo siku za wageni wengi. Hajagoma bado ila kweli siku hizi mkanda ukija anapeleka masikio nyuma. Kesho asubuhi akitoka kazini naangalia jasho lake, na tandiko lile naenda kulitoa stoo sasa hivi lisiguswe na mtu.