Skima gani kwa tangi la matumbawe la lita 5,000? (Kiwengwa)

mvuvi_wa_kioo:
Asalaam alaykum jamani. Mie nipo Kiwengwa, hotelini, nashughulika na mabwawa na pampu. Sasa bosi kaja na jipya, anataka tangi la matumbawe pale mapokezi, na si kitangi, mita 4 urefu, upana mita 1.2, kina sentimita 90, ukichanganya na sampu, lile tangi la chini la kuwekea mashine, inafika kama lita 5,000. Vioo vishashushwa. Nyumbani nna tangi la lita 400 na skima yake ndogo, ile mashine ya kutoa uchafu majini kwa povu, nalimudu vizuri tu ila hili linanitisha. Bosi keshapata skima moja kubwa ya mtumba kutoka Marekani, bei nafuu, imeandikwa hadi lita 6,000. Roho yangu inasita. Tuichukue au tutafute mpya? Na nyie ukubwa mnaupima vipi? Samaki watakuwa wengi halafu na wageni siwaamini, juzi nimemkuta mtoto anawatupia samaki wa bustanini chapati ya mayai.

maji_bamvua:
Waalaykum salaam kaka. Hiyo namba ya lita ichukulie kama bei ya kwanza ya Darajani, igawe kwa mbili ndo mzungumze. Mwenye kiwanda anapiga hesabu ya samaki wachache wasiolishwa sana, wewe unaniambia chapati.

We angalia hewa. Skima inavuta lita ngapi za hewa kwa saa, mwili wake una kipenyo gani, shingo, pale povu linapopandia kuingia kikombeni, nayo je. Kwa sababu uchafu wenyewe una upande unaopenda maji na upande unaoyakimbia, ukikutana na kipovu cha hewa unang'ang'ania pale pale unapanda nacho juu, kwa hiyo vipovu vikiwa vidogo na vingi ndo unapata pa kunasia. Mie kwa lita 5,000 na samaki wengi kama ni skima moja nisingeshuka chini ya mwili wa sentimita 30, na hewa lita 3,000 kwa saa naona ndo pa kuanzia.

Lakini usikimbilie likubwa kupita kiasi, shingo pana kwenye tangi ambalo bado halina uchafu, povu linafika katikati linaanguka, kikombe kinabaki kikavu wiki nzima unadhani skima mbovu. Na ikiwa mpya hata ukubwa uwe sawa ipe wiki moja mbili itulie, mwanzo inafanya vituko.

Mimi ningenunua mbili za kati. Moja ikifa usiku nyingine inafanya kazi, na unaweza kuosha moja leo moja Ijumaa.

bi_kassa:
Samahanini wanaume, hivi kweli mtu yuko Kiwengwa bahari ile pale anaisikia, anahangaika na mashine ya mamilioni? Si avute maji mapya ayabadilishe, basi.

mvuvi_wa_kioo:
Dada hata bosi alisema hivo hivo 😂 Nikamwambia asilimia 10 tu ya tangi ni lita 500, hayo madumu 25 ya lita 20 na ni kwa mara moja. Bado ufuo wetu maji yakipwa unatembea mpaka uchoke ndo yakufike magotini.

maji_bamvua:
Bi Kassa una haki nusu, maji ya bahari tunayo na wenzetu wa Ulaya wanakoroga chumvi ya paketi. Abadilishe, lakini yachotwe bamvua maji yakiwa yamejaa, na masika asiyaguse siku za mvua kubwa, pale ufukweni yanakuwa chumvi imepungua na takataka zote za nchi kavu zimo. Sasa masika ndo anafanyaje? Halafu skima si uchafu tu, inaingiza hewa. Kaskazi maji yetu ya moto, na maji ya moto yanabeba oksijeni kidogo, usiku samaki wote wanapumua na matumbawe nayo yanapumua, hapo ndo utaijua kazi ya skima.

fundi_wa_gombani:
Nyie mnazungumza povu, mie niko Pemba huku nkuulize umeme. Hiyo ya Marekani mota yake ni hezi ngapi, yale mapigo ya umeme kwa sekunde? Maana watu wananunua transfoma ya kushusha 230 iwe 110 wanadhani wamemaliza. Transfoma inashusha volti, hezi haizigusi. Mota ya hezi 60 ukiipa hezi 50 zetu inazunguka tano kwa sita ya mwendo wake, hewa inapungua, na mota yenyewe inachemka. Nshafungua moja hivo, waya za ndani zimekuwa rangi ya kahawa. Na pampu ya skima ina lile gurudumu lake la sindano la kukatakata hewa, usitegemee kulipata dukani.

Tafuta yenye pampu ya DC, umeme kama wa betri, ya volti 24. Adapta zake nyingi zinakubali volti 100 mpaka 240, hezi 50 au 60 zote, na umeme ukikatika unaweza kuitegea betri. Wa Unguja mmesahau 2008 waya wa baharini unaoleta umeme kutoka bara ulipokufa? Karibu mwezi mzima, halafu Disemba 2009 ikaja miezi mitatu.

maji_bamvua:
Hatujasahau wallahi. Na shida haiko umeme ukikatika tu, iko ukirudi. Umeme ukikatika maji ya kwenye mabomba yote yanashuka sampuni, kina kinapanda, ukirudi skima inaanza kwenye maji mengi kuliko ilivozoea, inatapika. Mie ilinikuta saa tisa usiku, nimeamka swala ya alfajiri nimekanyaga mkeka umelowa uchafu wa skima kama chai nyeusi, unanuka kama dagaa waliooza, mke wangu hakunisemesha siku mbili. Skima isimame kwenye chumba cha sampu ambacho kina cha maji hakibadiliki, na kikombe kiwe na mpira unaoshuka kwenye galoni lenye swichi ya boya, galoni likijaa pampu izime.

mvuvi_wa_kioo:
Nimekwenda stoo nimesoma kibao cha mota: 115V 60Hz. Fundi umeniokoa. Bosi kanuna kidogo ila kakubali mbili mpya za DC, nimemuonesha za kampuni ya Deltec na za Reef Octopus, kwa bei najua jicho lake limeangukia wapi. Hamu yangu ilikuwa skima ya Bubble King lakini alipoona bei akauliza kama na samaki wamo.

La mwisho, hapo mapokezi jioni wanafukiza udi, na kila Alkhamisi wanapiga dawa ya mbu. Skima si itavuta yote hayo?

fundi_wa_gombani:
Itavuta, na itayachanganya na maji vizuri kuliko wewe ungeweza. Mpira wa hewa utoboe ukuta uutoe nje, usiwe mwembamba, mdomo uangalie chini mvua isiingie. Siku ya dawa zima skima zote mbili mpaka harufu iishe, uache pampu za maji ziendelee.

bi_kassa:
Na usiutoe upande wa jikoni.